Cha Kumi na Tisa

Husema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Mimi ninavyo ishirini na saba
na mchuzi wangu ni wa mboga.

Vinakaa ndani ya kopo la biskuti
lililobanduka picha, wamebaki farasi wawili bila gari,
kila kimoja na kitambaa chake cha fulana kuukuu.
Jumapili, baada ya misa, narudishia mlango:
tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba,
funua, kunja, funua.

"Athieno, mwanamke na visu?"
Nawajibu kwa Kiswahili cha reli,
hiki tulichookota hapa Tororo pamoja na makaa ya mawe:
kisu cha kukunja ni kisu kilichofunzwa adabu,
kinajua kuingia ndani na kunyamaza.

Hiki cha mpini wa pembe nilikipata Mbale
kwa muuza vyuma chakavu. Alikipima kwa kilo
pamoja na komeo na mguu wa kitanda.
Hiki kilikuwa cha mpanga mabehewa,
kamba yake bado inanuka grisi.
Hiki springi imekufa,
kinalegea kama taya la mtu aliyelala kitini.
Sikitengenezi.

Na hiki (shika, taratibu)
noo imekila ubapa hadi ukawa mwembamba
kama mfupa wa ngege.
Wengine huona kisu kilichokwisha.
Mimi namwona mtu na jiwe lake, kila asubuhi,
upande mmoja umelika kuliko wa pili:
alikuwa mashoto.

Mpwa wangu Ekisa alikuja likizo na msasa.
Alitaka kunifurahisha.
Nilirudi sokoni nikakuta kimoja kinang'aa mezani
kama kijiko cha harusi,
utomvu wa ndizi, ndimu, tumbaku,
weusi wa miaka arobaini umefutwa kwa dakika kumi.
Nilimwambia asante.
Usiku nikakilaza peke yake,
kama mtoto aliyenyolewa kwa nguvu.

Mwezi wa nane, vumbi la saruji likiwa juu ya mahindi,
alikuja mtu kutoka Nagongera, Opendi jina lake,
kofia mkononi.
"Nasikia unaweka visu."
Nikavipanga mezani. Hakuvitazama.
Alifumba macho, akasema,
"Vikunje. Kimoja kimoja."

Cha pembe kikasema ko.
Cha grisi, kacha.
Kile cha taya hakikusema kitu.
Cha kumi na tisa kikasema ta... ka,
kwa kuwa springi yake husita kwanza, ndipo ikubali,
na mgeni akaketi bila kukaribishwa.

Cha ndugu yake.
Alikuwa mlinda taa za reli, na ndiye aliyemenya muhogo nyumbani.
Ta... ka, watoto wakajua maji yamechemka.
Mwaka ule wa vurugu aliondoka nacho mfukoni.
Kisu kimezunguka, kimepita mikono nisiyoijua,
kikafika kwangu.
Yeye hajafika popote.

Nikamsukumia: "Chukua."
Akatikisa kichwa.
"Nikienda nacho nitakitumia.
Kitazoea mkono wangu, kitabadili sauti.
Kikae hapa. Mimi nitakuja."

Basi huja, Ijumaa ya mwisho wa mwezi,
na mihogo miwili ndani ya mfuko wa sukari.
Namenya kwa kile alichokisugua Ekisa.
Kimeanza tena kushika weusi
kidogo, karibu na ncha.

Maji yakichemka nafungua kopo.
Cha kumi na tisa nakikunja mara moja tu,
si mara mbili, hata akiinua kidole.
Kisha tunakula, muhogo ungali moto,
na chumvi iko upande wake wa meza.