Benchi Juani

Nimechora duara kwa bikari, upana mita kumi na mbili,
nikalipaka kijani, nikaandika pembeni: msoo.
Chini ya duara nikachora benchi.
Kwenye karatasi, anayekaa hapo hapigwi na jua.

Kwenye udongo wa Moshi msoo una majani manne
na kimo cha mwiko.

Mbegu tuliokota kumi na moja, msitu wa Rau,
mimi na Anansia, tumepiga magoti topeni
kama watu waliodondosha pete.
Sita zilioza. Mbili ziliota, zikasita, zikafa.
Tatu ndizo tulizo nazo.

Bwana Kiwelu wa kamati alitaka bogonvilia langoni.
"Mgeni akishuka garini aone rangi.
Huu mti wenu una nini? Hata wa kupigia picha sio."
Nilimjibu kwa adabu.
Usiku nikamjibu tena, bila adabu,
peke yangu, nikisugua sufuria.

Kweli, si mti wa kujipendekeza.
Unachotaka ni miguu yake ilale majini
na watu wauache.

Ndiyo maana sikuuweka katikati.
Katikati ni kokoto na jua, pazuri kwa hotuba.
Nimeuweka nyuma ya choo cha wageni,
pale bomba linapovuja tangu masika ya mwaka juzi.
Ramani nzima imepinda kufuata uvujaji ule:
njia, mawe, kibao, benchi.
Fundi akija na spana nitampa chai,
nimwombe arudi kesho, na kesho yake.
Na foleni ya choo ndiyo darasa langu:
aliyebanwa husoma chochote kilicho mbele ya macho.

Kibao kilinisumbua wiki mbili.
Jina la kitaalamu ni maneno mawili:
la kwanza limetoka mbali,
la pili ni msoo, limekaa barazani kwa wageni
bila kubadili nguo.
Niliandika "adimu", nikafuta.
Hata sukari huadimika, halafu ikarudi dukani.
Niliandika "uliosalia", nikafuta, mkono ulikuwa mzito.
Mwisho kikasomeka hivi:
*Huu ni msoo. Kwao ni Rau. Unafika kwa baiskeli.*

Anansia akauzungushia masale bila kuniuliza.
Nikasema vizuri, mpaka, mbuzi wa jirani wasipite.
"Mbuzi anajua nini kuhusu masale?" akasema.
"Mimi nauomba radhi."

Miwili mingine haimo kwenye ramani.
Ipo mahali tunapopajua wawili,
hapana kibao, hapana njia.
Sahani ya wageni hupakuliwa sebuleni,
mbegu za msimu ujao zinakaa darini, kwenye moshi.
Huu wa mbele ukifa, utakufa watu wakiuona.
Sijui kama hilo nalo niliite onyesho.

Jana Bwana Kiwelu alikuja saa saba mchana.
"Benchi juani," akasema, "nani atakaa?"
Nikamfungulia karatasi.
Akatazama duara. Akatazama majani manne.
"Miaka mingapi?"
"Benchi litaoza, tutalibadilisha, labda mara kumi."

Hakucheka. Akavua kofia, akakaa,
jua likimwaka utosini.
Akasogea kidogo upande wa bomba,
akaniuliza kama hapo
yumo ndani ya duara.