Mia Mbili

Sefania ametoka Ukonga, kaokoka.
Kasimama madhabahuni na shati jeupe la mikunjo ya pasi,
anashuhudia alivyooshwa
hata mahali ambapo sabuni haifiki.
Watu wakapiga makofi. Mama Ndeshi akalia.
Mimi benchi la nne, chini ya feni bovu,
nahesabu vigae.

Maana ni yeye aliyepaza sauti siku ile, pale relini:
Mwizi!
Na simu ilikuwa ya mwanangu mwenyewe,
risiti ninayo hadi leo kwenye kopo la majani ya chai.
Jiwe la kwanza simjui aliyelirusha.
Neno la kwanza namjua.

Nikamwuliza Mchungaji Shedafa, mpaka uko wapi?
Akasema hakuna mpaka, mama,
ila kwa amkufuruye Roho.
Mzee Kanyempe akadakia: mpaka ni pumzi.
Ukishakata roho mlango umefungwa,
ugonge hadi vidole viote sugu.

Basi nipigieni hesabu, mimi muuza duka.
Sefania kapewa miaka kumi na mmoja ya kutubu,
na godoro, na mwinjilisti wa kila Jumatano.
Elifuraha wangu kapewa dakika ngapi?
Mmoja aliyeona alisema nne.
Mwingine akasema hata mbili hazikufika,
walikuwa na haraka, treni ilikuwa inakuja.
Naye kanisani hakukanyaga tangu kipaimara,
Jumapili zake alizilala.
Aliyeua yuko ndani, aliyeuawa yuko nje.
Mungu wangu, mizani hii ni ya nani?
Yangu ya maharage tu
huja kukaguliwa kila mwaka, ikagongwa muhuri.

Usiku nawasikia mbuzi wa machinjioni,
wanashushwa kwenye malori ya Singida.
Miaka ishirini nimeishi Vingunguti na sauti hiyo.
Wa kulia na wa kushoto huingia mlango mmoja,
na hakuna aliyewahi kuulizwa kitu.

Labda ndani ya dakika zile mbili palikuwa na nafasi.
Labda aliita.
Mtoto akipigwa huita, na jina analoliita nalijua,
ndilo ninaloitwa.
Je, huko juu linahesabika?
Yupo wa kulipokea, akaandika: huyu ameomba?

Tukisali ile sala ya wote, kuna mstari nauruka.
Penye wadeni nafumba mdomo,
nawadaka wenzangu mbele, kwenye majaribu.
Hakuna aliyewahi kugundua
ila binti mmoja mdogo wa shule ya Jumapili,
akanikodolea macho mpaka Amina.

Jana jioni kaja dukani.
Hakujua duka ni la nani, au alijua; uso wake sikuusoma.
Robo ya sukari na kiberiti.
Ikapelea mia mbili.
Akaanza kukirudisha kiberiti, mkono unamtetemeka.
Nilikuwa na maneno, Bwana wajua,
nimeyatunza kama sanda sandukuni,
yamekunjwa, yameliwa na nondo.
Hayakutoka.
Nikavuta daftari.
Jina? nikamwuliza, jina ninalolijua kuliko langu.
Sefania, akasema, taratibu, kama mtu anayeungama.
Nikaandika: Sefania, mia mbili.
Tarehe ya kulipa sikuweka.

Huo si msamaha, nikamwambia Mungu nikifunga dirisha.
Ni mia mbili. Usije ukaihesabu.
Lile jingine, lile kubwa, ni deni langu mimi,
na kama umeshamfutia, hukuniuliza.
Lakini Elifuraha, popote ulipomweka,
mpelekee hata maji.
Mimi bado.
Kama kweli huna mpaka,
ningoje.