Anajikunja Kushoto

Septemba, lambo la Chikopelo lilikuwa sahani iliyopasuka.
Mama alichimba udongo wa katikati,
ule mweusi, unaonuka ng'ombe na majani,
tukaupandisha kwa karai juu ya tembe
kuziba ufa ulionyeshea magodoro mwaka jana.
Hakuna aliyejua tumepandisha na wapangaji.

Mdogo, kama kunde mbili zilizobanana.
Gamba la kahawia, jepesi kama kucha ya mtoto,
nalo limejisokota kushoto:
ukilisimamisha, mlango wake
unakaa upande wa mkono usioshika ugali.
Mlango wenyewe hauna kizibo.
Maji yakimkimbia hurudi nyuma, nyuma,
hadi chumba cha ndani,
akaacha utando mlangoni, mlenda uliokaukia chunguni,
na moyo akautumia kwa ubahili.
Miezi mitano. Sita. Wengi hufa.
Mmoja anatosha:
ni dume na ni jike ndani ya nyumba moja,
haposi, haposwi, hadaiwi ng'ombe.

Mvua ya kwanza ilipiga usiku, Desemba,
paa likavuja palepale.
Asubuhi Chilongola akaniita:
ukutani, chini ya ufa, kitu kinatembea
kikichora mstari wa kalamu inayoisha wino.
Akakiponda kwa kidole. Damu nyekundu.
"Kumbe kama yetu," akasema, kisha akanyamaza.
Alikuwa na miaka kumi na mmoja
na mkojo wake ulikuwa ukimalizikia tone jekundu.
Wenzake machungani walimwambia ndiyo kukua.

Februari akaja bwana afya, Mataligana,
na chujio la chai alilolifunga kwenye ufito.
Aliwachota chini ya majani ya yungiyungi,
akawaweka mmoja mmoja kwenye glasi, juani.
Saa sita mchana maji yakaanza kuchezacheza:
vumbi hai, lenye mikia ya panda,
likitoka mwilini mwake kutafuta ngozi,
saa ileile ng'ombe wanapokunywa
na watoto wanapovua mashati.

"Msimchukie sana," alisema, akifuta miwani.
"Huyu naye mgonjwa. Minyoo ikishamwingia
hatagi tena. Imeula uzazi wake,
analea ya wenzake."

Chilongola alimeza vidonge, kimoja akakitapika.
Mama, ambaye baada yake hakupata mwingine,
aliishika ile glasi muda mrefu.
Hakuimwaga.
Akauliza tu kama juu ya paa
wamebaki wengine.