Sauti Juu ya Picha

Tulimkuta Manzese, nyuma ya mashine ya kusaga,
amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
shati limepigwa pasi mpaka kola inakata.
"Mmechelewa," akasema. "Miaka ishirini."

Mimi ni mtu wa sauti. Nashika fimbo ndefu
yenye maiki iliyovishwa manyoya kama paka wa tajiri.
Sionekani kwenye picha; nikionekana, nimeharibu.

Kipindi chetu ni cha sanaa, kila Alhamisi, baada ya taarifa ya habari.
Wiki iliyopita tulimrekodi mwandishi wa riwaya za mapenzi
aliyefuta vumbi kabati la vitabu mara tatu,
mara ya tatu kwa ajili ya kamera.
Wiki hii ni zamu ya Hashimu Likwepa,
Ulimi wa Shaba, yule wa kibanda cha video:
kiingilio shilingi hamsini, mabenchi ya mbao,
shuka jeusi mlangoni,
feni moja, nayo ikimpepea yeye tu.

Filamu za Hong Kong na za Bombei ziliingia mdomoni mwake
zikatoka zikiwa za Manzese.
Bosi wa majambazi alidaiwa kodi ya miezi sita.
Mtawa mwenye ndevu nyeupe, kabla ya kurusha teke,
alimwuliza adui yake kama ameshakula.
Na yule dada anayelia kwenye mvua, amekumbatia nguzo,
alikuwa analilia bei ya mchele.

"Kichina ulijifunza wapi?" Tumsifu akauliza,
daftari la maswali mapajani.
"Nani alikuwa na muda? Nilikuwa naangalia mabega.
Mtu akidanganya, bega la kushoto linatangulia."

"Basi tuambie kuhusu wewe."

Hapo akakauka.
Nikasikia mate yakimezwa, saa ya mkononi,
kuku akikwaruza bati.
"Mimi nilizaliwa..." Kimya.
"Nilizaliwa, halafu..."
Mara sita. Jua likamtoka usoni likahamia ukutani,
mpigapicha akalaani kwa Kihaya.

Nisiyeonekana ndiye niliyesema: mwonyesheni.
Tukamgeuzia kioo kidogo, tukarudisha mkanda,
tukazima sauti.
Akajiona: mzee juu ya ndoo,
midomo inachezacheza, neno halitoki.
Akakohoa. Akasogea. Akainamisha kichwa upande.

"Huyu bwana mnayemwona hapa,"
na sauti ile, jamani, kumbe ilikuwa hai
kama moto chini ya majivu ya jikoni,
"huyu bwana anawaambia wageni hana cha kusema.
Mwongo. Angalieni bega.
Anataka kusema kibanda kilibomolewa Jumanne,
barabara ilipopanuliwa,
kanda mia nne zikaondoka na toroli la chuma chakavu.
Anataka kusema mkewe, Mwanahija, alimwambia:
wewe nyumbani bubu,
ukitaka kunisemesha mpaka uwashe televisheni.
Na siku anafunga mizigo umeme ulikatika.
Hakukuwa na picha yoyote mbele.
Hapo anameza mate, mnaona?
Hapo anasema: kaa, mama. Kaa kidogo."

Mshale ukagonga kwenye nyekundu. Sikuushusha.
Mwenye mashine ya kusaga alikuwa ameizima,
sijui saa ngapi,
na foleni ya debe za mahindi imesimama inasikiliza.

Stesheni wakasema inachanganya watazamaji,
mtu kujisema kana kwamba ni mwingine.
Wakamleta mtangazaji mwenye sauti ya sabuni ya kuogea,
wakaibandika juu ya ile ya Hashimu:
*Msanii huyu mkongwe anakumbuka changamoto za zamani.*
Chini yake, kwa mbali, ukitega sikio,
unasikia kitu kama mtu yuko chumba cha pili.

Ilirushwa juzi. Usiku huohuo simu yangu ikaita.
"Yule bwana wenu," akasema Hashimu,
"pumzi anayo. Matamshi anayo.
Ila muulize kwa niaba yangu:
bega hakuliona?"