Malipo kwa Herufi

Walinilipa kwa herufi.
Mia mbili kila moja, nukta hailipwi,
alisema Mzee Kiswaga, mweka hazina wa kamati,
akipigia mstari majina ya waliokwenda Kagera
wakarudi wakiwa barua tu, na sanduku la bati.
Majina thelathini na manne.
Jiwe lilipanda na lori toka Makambako,
jeusi, limesuguliwa mpaka unaona meno yako.

Mimi vitani sikwenda, nilikuwa tumboni.
Nilichonga kama ninavyochonga ya makaburini:
patasi, nyundo, chupa ya maji, komoni saa kumi.
NYAGAWA alinipa fedha nzuri.
FUTE nilimwonea huruma.

Kisha Julai, sakitu juu ya viazi,
siku tisa kabla ya Mashujaa,
nikamkuta Bi Osmunda Mlelwa
kitenge mpaka masikioni
analipumulia jiwe langu.

Hhaa. Kama mtu anayesafisha miwani.
Pumzi ikatanda nyeupe chini ya jina la mwisho,
naye upesi, kwa kidole:
YOLDANI.

Jua likatoka nyuma ya mipaini ya misheni,
likaanza kula, kwanza I,
halafu N.

Kamati walishamjibu.
Mnara ni wa waliofia vitani.
Mumewe alifia jikoni, mwaka themanini na saba,
mgongo ukutani,
maana tangu arudi hakuwahi kuupa mlango mgongo.
"Kwa hiyo alirudi?" walimuuliza.
"Lilirudi koti," akawaambia.

Hakulia. Alinisimulia kisomo cha watu wazima,
ubao umeegeshwa kwenye magunia ya pareto,
kina mama wenye watoto mgongoni, ba, be, bi,
ghala zima linapiga chafya.
"Wenzangu walisoma wapate kuimba zaburi.
Mimi nilisoma ili karani wa posta
asinisomee mume wangu kwa sauti."
Barua nne. Ya tatu ilikuja na tope kwenye kona.
Lipo mpaka leo.

Nikamwambia, mama, hiyo ni R. YORDANI.
Akanitazama kama mtoto aliyechafua daftari.
"Barua zote nne kaandika L.
Wewe unamjua kuliko yeye?"

Herufi saba. Elfu moja na mia nne
ambazo Kiswaga hatazitoa,
na mgeni rasmi ataliona, au hataliona,
wageni rasmi husoma majina ya juu.

Jana jioni nimenoa patasi ndogo,
ile ya makaburi ya watoto.
Nafasi ipo, upana wa kiganja.
L nimeijaribu mara tatu kwenye tofali
na sasa mkono umeizoea.

Usiku huu sakitu itaanguka tena.
Nataka niwe nimefika
kabla hajalipumulia.