Kurasa Mbili za Kwaheri

Jukwaani, treni ilikuwa Asajile
nyuma ya pazia la ukumbi wa parokia,
debe la mafuta ya kula, kokoto ndani,
filimbi ya refa mdomoni.
Mkono ukimchoka, treni ilisimama porini.
Watu wa Tukuyu wakacheka, kisha wakalia,
kwa kuwa Lugano alikuwa anaondoka
na mpenzi wake alikuwa na kurasa mbili za kumwambia.

Kurasa mbili! Nilizikeshea kwa kibatari.
Zilipaswa kufika benchi la nyuma,
kwa akina mama waliokalia magunia ya viazi,
kwa hiyo hata mnong'ono tuliupigia kelele:
"nakupenda" ilitoka kama mtu
anayeita mbuzi wake ng'ambo ya bonde.

Leo tuko Iyunga, stesheni. Juni. Meno yanagongana.
Kamera haina benchi la nyuma.
Treni ya kweli imechelewa saa saba,
na Asajile amekuja na debe lake.
"Ikibidi," anasema.

Sekela, mwongozaji, umri wa kitinda mimba wangu,
anapitisha kalamu nyekundu ukurasa wa kwanza.
Kisha wa pili.
Hakuniomba radhi, alinipa chai ya tangawizi.
"Mzee, hapa dirisha litasema."
Dirisha! Miaka sitini na mitatu
sijasikia dirisha likitongoza.

Treni ikaja, haina habari na mapenzi ya mtu.
Lugano ndani, pumzi yake ikatia ukungu kiooni,
akaufuta kwa mkono wa sweta,
ukungu ukarudi.
Kijana huku nje akafungua mdomo.
Akaufunga.
Akatazama kamba za viatu vyake.

Nikageuka, nikajifanya napenga kamasi.
Nani alimwambia Sekela?
Mwaka ule, stesheni hii hii,
sikusema.
Nilimwuliza kama amebeba ndizi za njiani, basi.
Kurasa mbili zilikuja miaka kumi na mmoja baadaye,
nikampa kijana wa watu azipaaze
Jumamosi hata Jumamosi,
mpaka nami nikaamini
kwamba nilizisema.

"Kata!"
Sekela akanitazama.
Nikamwambia: mwache aulize kuhusu ndizi.
Akaandika kiganjani, hakuuliza kwa nini.

Treni nyingine ni Ijumaa.
Pale kwenye benchi, bila kuombwa na mtu,
Asajile akatikisa debe.