Msomaji Bora wa Mwaka

Masanduku yalishushwa gatini Jumatatu,
yakapanda vichochoro vya Langoni kwa punda wanne.
Wa tatu, punda wa Bwana Kupi, akakwama pembeni mwa msikiti:
sanduku lilikuwa pana kuliko njia.
Hivyo ndivyo mfumo ulivyoingia kwetu,
kinyumenyume.

Skana, kompyuta, vishikwambi arubaini,
na bwana mmoja wa kutoka bara, mwenye soksi ndefu,
aliyenifundisha kubandika vistari vyeusi
kama meno ya chanuo
mgongoni mwa kila kitabu.
Vitabu elfu moja mia tatu na sita.
Gundi yake ikagoma. Hewa ya huku ina chumvi,
hata vitasa hutoka jasho.
Nikapika uji wa ngano, nikapaka kwa kidole
kama mama alivyotubandikia tiara.

Sisemi vishikwambi ni vibaya.
Tima Bwanamaka, gredi ya saba,
miaka yote tulimdhania mvivu.
Siku ile alitanua herufi kwa vidole viwili
kama atanuaye mdomo wa kikapu,
akasoma ukurasa mzima, kwa sauti, hadi nukta.
Akaniangalia.
"Kumbe, mwalimu. Ni mato tu."
Nikaenda nyuma ya rafu ya kamusi
nikajifanya napangusa vumbi.

Lakini mfumo una jicho moja, jekundu.
Mwenye macho haambiwi tazama;
huu huambiwa.
Kisichopita mbele yake hakikusomwa.
Mwisho wa muhula ukanitolea orodha:
Havijaazimwa. Viondolewe.

Cha kwanza, kitabu cha nyota. Hakina jalada,
na Zuhali kapigwa muhuri wa shule katikati ya pete.
Hakijaazimwa?
Ukurasa wa sitini na moja una alama ya kidole cha mafuta,
chembe ya mkate wa mofa imeganda humo,
na pembeni, kwa penseli, jina la Shekuwe,
likafutwa, likaandikwa tena
kwa mkono uliokomaa zaidi.
Shekuwe haazimi. Kwao paa linavuja
na mdogo wake hutafuna karatasi.
Husoma wima, kati ya rafu na dirisha,
mguu mmoja juu ya mwenziwe kama korongo,
mpaka kengele.
Nilikielekeza kidole kile kwenye skana.
Ikanyamaza.

Basi nikaanza wizi wa kurudisha.
Kila Alhamisi, watoto wakishaondoka,
nilijiazima mwenyewe orodha nzima.
Cha ufugaji wa nyuki, pii.
Cha ramani zenye nchi zilizokwisha badili majina, pii.
Cha mashairi, kilicholiwa na mchwa
hata beti zikabaki vina tu, pii.
Hata cha kutengeneza taipureta,
na taipureta yenyewe tuliuza chuma chakavu. Pii.
Kisha navirudisha vyote. Pii, pii, pii.
Umeme ukikatika nilingoja gizani,
mikono juu ya kitabu cha nyota,
nikisikia mchwa wakisoma upande wao,
nao hawana kadi.

Desemba ikaja barua ya ofisi ya elimu.
Mfumo umehesabu.
Msomaji bora wa mwaka: Barke Athman Famau,
vitabu mia nne na kumi na viwili.
Apewe cheti, ndani ya fremu.

Nikasimama mbele ya wazazi na buibui langu jipya.
Mwalimu mkuu akaisoma hesabu mara mbili,
wanawake wakapiga vigelegele,
nami naangalia viatu.

Shekuwe, safu ya nyuma, hakupiga makofi.
Alitabasamu upande mmoja,
akanyoosha kidole, kidogo tu, hewani,
kama anayefyatua kitu,
na midomo yake, bila sauti,
ikasema:
pii.